Kabla ya Chanja za Dagaa

Mwezi wa saba upepo wa kusini haubishi hodi Kibirizi.
Unaingia na mawimbi mafupi, yenye hasira za karibu,
hayafanani na yale ya Durban, anasema Butoyi,
alikokaa miaka minne akiosha sahani
na Jumapili mpishi mwenzake akimfundisha kusimama juu ya maji.
Karudi na kovu kidevuni, na somo.

Ubao ameuchonga kwa mbao mbili alizozikataa Misago, fundi mitumbwi;
pezi amelikata kwenye pipa la buluu.
Mimi, kwa ujuaji wa aliyetangulia kuzaliwa kwa robo saa,
niliupaka mawese ung'ae.
Uling'aa. Nikasimama juu yake kama mgebuka juu ya sahani,
kisha sikuwa nimesimama.
Tukaukwangua kwa mchanga na jivu,
tukausugua nta ya Kasulu,
ile ya kipande, yenye miguu ya nyuki ndani.

Kusimama nilijua ndani ya wiki.
Kwenda mbele hakuhitaji mwalimu: wimbi linakusukuma,
nawe unajiona fundi.
Tatizo liko huko mbele. Tangu ziwa lipande
chanja za dagaa za Mama Nzigo zimebaki hatua sita na maji,
nami mara tatu nimezifikia kwa kifua.
Mara ya tatu hakupiga kelele. Alihesabu.
"Sado mbili na nusu," akasema. "Andika."
Nikaandika. Mimi ni karani wa tiketi stesheni,
deni naliheshimu.

"Macho," anasema Butoyi, maji yakimfika mbavuni.
"Kisha bega. Kiuno kitafuata bega, goti litafuata kiuno.
Ubao ni wa mwisho kupata habari."
Kunja magoti kama unayetaka kukaa kwenye kigoda
na kigoda hakipo.
Uzito mguu wa nyuma. Kushoto, kandamiza visigino;
kulia, vidole.
Usiuvute kwa mikono, si punda.

Nayasema yote haya usiku, kitandani, bila kosa.
Kazini nayafanya chini ya kaunta:
abiria wa Tabora anauliza daraja la tatu,
mimi visigino, vidole, visigino.
Majini naangalia miguu yangu.
Naikagua kama mhasibu anayehofia upungufu,
na yaliko macho ndiko ubao uendako:
chini, halafu mbele, halafu kwa Mama Nzigo.

"Unaogopa itaondoka?" akauliza Butoyi.
Sikumjibu.
Miaka minne nimekaa dirishani pale stesheni
nikitazama mlango uleule wa behewa la mwisho.
Macho nayo huota sugu.

Jumamosi, wimbi la nne au la tano,
nimesimama, dagaa wanakuja mbio kama kawaida yao,
Mama Nzigo keshatoa kalamu,
mara upepo ukainyanyua kanga yangu juu ya jiwe, upande wa kushoto,
ile ya zambarau, ambayo bado nailipia.
Nikageuka kuitazama.
Basi. Hilo tu.
Bega likaenda kuuliza, kiuno kikalifuata,
visigino vikazama vyenyewe
na ubao, kwa mara ya kwanza, ukapata habari.

Ukainama. Maji yakachanika kwa sauti ya kitambaa kipya dukani.
Chanja zikapita kuliani kwangu, zote, na harufu yake,
na Mama Nzigo mdomo wazi, kalamu hewani,
nami nikawa nakwenda sambamba na ufuko
kama mtu aliyeamua.

Sikudumu. Niliinua mikono kushangilia,
na mikono, nilisahau, haimo katika somo.

Nilipoibuka Butoyi alikuwa ameidaka kanga, kaifunga kichwani.
"Umefanyaje?"
Nilitaka kusema visigino.
"Nimetazama pengine," nikasema.
Akanisogezea ubao, taratibu, mkia kwanza.
"Sasa kulia."

Kulia ni vidole.
Kulia hakuna kanga.